Mpini mwepesi wa fimbo ya gofu: namna ya kuupima kabla ya kuununua

Mipini myepesi ya nyuzi za kaboni huuzwa kwa ahadi moja kubwa: mpira utakwenda mbali zaidi. Ahadi hiyo hutimia kwa baadhi ya wachezaji, na kwa wengine huishia kuwa hasara. Kwa mchezaji wa gofu wa Bujumbura swali hili lina uzito wa pekee. Vifaa vya mchezo huu huagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni, ambazo Burundi imekuwa ikizikosa kwa miaka mingi, na mpini uliokwisha kukatwa na kugundishwa kwenye fimbo haurudishwi dukani. Makala haya yanaeleza mpini ni nini, wepesi wake unafanya kazi gani, na jinsi ya kuujaribu uwanjani kwa vifaa vinavyopatikana mjini.

Sehemu za fimbo

Draiva ni fimbo ndefu kuliko zote katika mfuko wa mchezaji. Hutumika kupiga mpira wa kwanza katika mashimo marefu, mpira ukiwa umewekwa juu ya kijiti kifupi kiitwacho tii. Ina sehemu tatu: kichwa kinachogonga mpira, mshiko wa mpira laini unaokamatwa kwa mikono, na mpini unaoviunganisha viwili hivyo.

Kichwa cha draiva ya kisasa huwa na uzito wa takriban gramu 200, na mshiko takriban gramu 50. Mpini ndio unaotofautiana zaidi. Mipini mingi ya kaboni kwa wanaume huwa na gramu 55 hadi 70. Ile inayoitwa miepesi huanzia gramu 50 kushuka hadi 40, na michache huwa chini ya hapo. Wachezaji wengi wa kulipwa wenye nguvu bado hutumia mipini ya gramu 60 au zaidi, ingawa wangeweza kupata yoyote waitakayo.

Mbali na uzito, mpini una sifa nyingine tatu zinazofaa kujulikana. Ya kwanza ni ugumu, yaani kiasi unachopinda unapozungushwa. Ugumu huandikwa kwa herufi: L kwa mipini laini kabisa, kisha A, R, S na X kwa migumu zaidi. Hakuna kipimo kimoja kinachozifunga kampuni zote, hivyo mpini wa R wa kampuni moja waweza kuwa mgumu sawa na S wa kampuni nyingine. Ya pili ni msokoto, yaani kiasi ambacho mpini hujinyonga kichwa kinapogonga mpira nje ya kitovu chake. Ya tatu ni mizani ya fimbo nzima: jinsi kichwa kinavyohisiwa kuwa kizito au chepesi mikononi wakati fimbo inapozungushwa.

Kutoka mti hadi kaboni

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 mipini ilichongwa kwa mti, hasa mti wa Amerika ya Kaskazini uitwao hikori. Kila mpini ulikuwa na tabia yake, na mchezaji aliyevunja fimbo aliyoizoea hakuwa na hakika ya kupata nyingine kama hiyo. Mipini ya chuma cha pua ilikubaliwa nchini Marekani katika miaka ya 1920, na mwaka 1929 ikaidhinishwa na R&A, chombo cha kanuni chenye makao yake St Andrews, Uskoti. Mwaka 1931 Mmarekani Billy Burke akawa wa kwanza kushinda mashindano ya US Open kwa fimbo za mipini ya chuma.

Kaboni iliingia mwaka 1969, wakati mhandisi Frank Thomas alipobuni mpini wa nyuzi hizo katika kampuni ya Marekani ya Shakespeare, iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa vifaa vya kuvulia samaki. Uhusiano huo si wa ajabu, kwa kuwa ufito wa kuvulia na mpini wa gofu vyote viwili hutakiwa kuwa vyepesi, vipinde, kisha virudi katika unyoofu wake. Mpini wa chuma wa draiva ulikuwa na uzito wa takriban gramu 120. Kaboni imeupunguza uzito huo hadi nusu na zaidi.

Upunguzaji ule wa kwanza ulikuwa mkubwa na faida yake ilionekana wazi. Leo mchezaji anashauriwa kuacha mpini wa gramu 60 na kununua wa gramu 45. Tofauti ni gramu 15, na ni hapo ambapo upimaji unahitajika.

Kwa nini wepesi peke yake hautoshi

Fimbo nyepesi ni rahisi kuizungusha kwa kasi, kama jembe jepesi lilivyo rahisi kuliinua. Lakini gramu za mpini hazilingani na gramu za kichwa. Kichwa kiko mwishoni kabisa, mbali na mikono, hivyo ndicho kinachoipinga zaidi nguvu ya mzungushaji. Uzito wa mpini umetandazwa kuanzia mikononi hadi kwenye kichwa, na sehemu yake iliyo karibu na mikono haipingi sana.

Hesabu rahisi inaonyesha hivyo. Draiva yenye kichwa cha gramu 200, mpini wa gramu 60 na mshiko wa gramu 50 ina jumla ya gramu 310. Mpini ukiwa wa gramu 45, jumla hushuka hadi 295, yaani pungufu ya takriban asilimia 5. Lakini upinzani wa fimbo dhidi ya kuzungushwa, ukipimwa kutoka mikononi, hupungua kwa takriban asilimia 2 tu. Kwa sababu hiyo ongezeko la kasi huwa dogo kuliko linavyotarajiwa, na kwa wachezaji wengine halionekani kabisa.

Jambo la pili ni mgongano wenyewe. Kasi ya mpira hutokana na kasi ya kichwa pamoja na mahali mpira ulipogongwa. Mpira ukigongwa kwenye kitovu cha uso wa draiva huondoka kwa kasi inayokaribia mara moja na nusu ya kasi ya kichwa. Ukigongwa pembeni, uwiano huo hushuka.

Mchukulie mchezaji ambaye kichwa cha fimbo yake husafiri kwa kilomita 150 kwa saa, naye akagonga vizuri kwa uwiano wa 1.47. Mpira wake utaondoka kwa takriban kilomita 220 kwa saa. Akipewa mpini mwepesi akapata kilomita 153, lakini kwa kukosa uthabiti akawa anagonga pembeni kwa uwiano wa 1.42, mpira utaondoka kwa kilomita 217. Ameongeza kasi ya fimbo na amepoteza kasi ya mpira. Zaidi ya hayo, mpira uliogongwa pembeni hupinda angani, na uwanjani hasara ya kupotea vichakani ni kubwa kuliko faida ya mita chache.

Ndiyo maana kipimo cha mpini mwepesi kinapaswa kujibu maswali mawili kwa pamoja: je, mpira unakwenda mbali zaidi, na je, bado unagongwa katikati?

Hewa, upepo na ardhi ya Bujumbura

Takwimu zinazotangazwa na kampuni hupatikana katika mazingira yasiyofanana na ya hapa. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika mwinuko wa karibu mita 780 kutoka usawa wa bahari. Kwa hesabu ya kawaida ya angahewa, kanieneo ya hewa katika mwinuko huo ni pungufu kwa takriban asilimia 9 kuliko ile ya pwani. Kigali, iliyo karibu mita 1,500, upungufu hufikia asilimia 16, na Nairobi, karibu mita 1,700, asilimia 18. Hewa ikiwa nyepesi huuzuia mpira kidogo, nao husafiri zaidi.

Tofauti hizo huleta mkanganyiko katika ukanda wenye historia ndefu ya gofu. Klabu ya Entebbe, nchini Uganda, ilianzishwa mwaka 1901. Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967 na kuingizwa katika ratiba ya European Tour mwaka 2019, huchezwa katika nyanda za juu, na Mhispania Seve Ballesteros alikuwa miongoni mwa washindi wake, mwaka 1978. Mchezaji wa Burundi anayejaribu mpini mpya akiwa safarini Nairobi, kisha akalinganisha umbali huo na ule alioupata Bujumbura kwa mpini wa zamani, atadhani mpini ndio uliofanya kazi. Huenda ni hewa. Mipini miwili inayolinganishwa ijaribiwe mahali pamoja, siku moja na saa zilezile.

Upepo nao ni wa kuhesabiwa. Wakazi wa Bujumbura wanaufahamu upepo unaotoka ziwani mchana ardhi inapopata joto. Jaribio lililoanza asubuhi kwa mpini mmoja na kumalizika alasiri kwa mwingine halina maana. Saa za mapema asubuhi ndizo tulivu zaidi, na joto likiwa dogo mikono haitoki jasho jingi la kuteleza kwenye mshiko.

Ardhi pia hubadilika kwa majira. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti udongo hukauka na mpira hubingirika sana baada ya kuanguka. Wakati wa mvua huanguka na kukwama. Kwa hiyo kipimo cha haki ni mahali mpira ulipogusa ardhi kwanza, wala si mahali uliposimama.

Maandalizi ya jaribio

Kanuni ya msingi ni kubadilisha kitu kimoja tu. Kichwa kiwe kilekile, mipira ya aina moja, na urefu wa fimbo uwe sawa. Sharti la urefu husahaulika mara nyingi, kwa sababu mipini myepesi huuzwa ikiwa mirefu kidogo, na fimbo ndefu huongeza kasi hata ikiwa na mpini wa zamani. Utepe wa fundi cherehani unatosha kuhakikisha kwamba fimbo zote mbili zina urefu mmoja.

Draiva nyingi za kisasa zina kiungio cha skrubu kinachoruhusu mpini mmoja kutolewa na mwingine kuwekwa kwa dakika moja, kwa kutumia bisibisi maalumu ya kampuni. Viungio vya kampuni tofauti kwa kawaida havioani. Kama kichwa kimegundishwa, mchezaji atalazimika kulinganisha fimbo mbili kamili, na hapo akumbuke kwamba analinganisha vichwa pia.

Uzito uhakikishwe kwa mizani ya jikoni au ya sonara. Mpini ukiwa peke yake hupimwa moja kwa moja. Ukiwa umefungwa, fimbo nzima hupimwa na kulinganishwa na ile ya zamani. Ifahamike kwamba uzito ulioandikwa kwenye mpini kwa kawaida ni wa kabla ya kukatwa, hivyo kipimo kidogo zaidi si lazima kiwe dalili ya udanganyifu.

Kinachohitajika zaidi ya hapo ni poda ya watoto, daftari, kalamu, na mtu mmoja wa kusaidia. Uwanjani ruhusa ya wasimamizi iombwe, na muda uchaguliwe ambao hakuna wachezaji wengine mbele. Msaidizi asimame pembeni kabisa, mbali na mstari wa mpira, na asisogee kuhesabu hatua hadi upigaji utakapokoma.

Hatua za jaribio

Mchezaji aanze kwa kupasha mwili moto na kupiga mipira michache isiyohesabiwa. Kisha apige mitano kwa mpini wa zamani, mitano kwa mpya, mitano tena kwa mpya, na kumalizia mitano kwa wa zamani. Mpangilio huu husambaza uchovu kwa usawa. Akipiga kumi mfululizo kwa kila mmoja, mpini wa pili utahukumiwa kwa mikono iliyochoka.

Kabla ya kila pigo, uso wa fimbo upakwe poda kidogo. Mpira utaacha alama ya duara. Msaidizi au mchezaji aandike mahali alama ilipo: katikati, upande wa ncha, upande wa kisigino, juu au chini. Kisha uso upanguswe na kupakwa upya. Njia hii haigharimu kitu, nayo hueleza jambo ambalo macho hayawezi kuliona.

Kwa kila mpira yaandikwe mambo matatu: mahali ulipogongwa, umbali ulioanguka, na upande ulioelekea. Umbali waweza kuhesabiwa kwa hatua, mradi mtu yuleyule ahesabu kwa fimbo zote mbili. Mipira mibaya isifutwe. Mchezaji hupenda kusema kwamba ule haukuwa upigaji wake wa kawaida, lakini mpini unaozalisha mipira mibaya mingi utafanya hivyo hata siku ya mashindano.

Jina na bei ya mpini vinaweza kufichwa kwa utepe wa karatasi. Mikono itatambua upi ni mwepesi, lakini angalau mchezaji hatavutwa na sifa za tangazo.

Jaribio lirudiwe siku nyingine kwa mpangilio uleule, ili kila mpini uwe na mipira 20. Inafaa pia kupiga mipira michache baada ya kumaliza mzunguko wa mashimo, kwani huko ndiko mpini mwepesi huweza kuonyesha faida yake kwa mtu aliyechoka.

Kuyasoma matokeo

Mpira mmoja uliokwenda mbali kuliko yote ndio unaokumbukwa, na ndio unaopotosha zaidi. Badala yake umbali wote upangwe kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha itazamwe namba ya katikati. Tuseme mpini wa zamani una namba ya katikati ya mita 192 na mpya 196. Ikiwa kwa mpini uleule mmoja mipira hutofautiana kwa mita 30 kati ya mfupi na mrefu, basi mita nne hizo hazitoshi kuwa ushahidi.

Hatua inayofuata ni kuhesabu alama za poda zilizokuwa katikati. Kama mpini wa zamani ulileta 13 kati ya 20 na mpya umeleta 8, jibu limepatikana hata kabla ya kutazama umbali. Kama idadi ni sawa au imeongezeka, na namba ya katikati imepanda siku zote mbili, mpini mpya umejitetea.

Pale ambapo umbali ni mzuri lakini alama zimetawanyika, kuna marekebisho ya kujaribu kabla ya kuukataa mpini. Mpini mwepesi hubadilisha mizani ya fimbo, na wakati mwingine mchezaji hukosa kuhisi kichwa kiko wapi. Kipande kidogo cha utepe wa risasi, cha gramu 2 hadi 4, kikibandikwa nyuma ya kichwa, huweza kurudisha hisia hiyo. Kwa kuwa mpini mwembamba mara nyingi hujinyonga zaidi, inafaa pia kujaribu wenye uzito huohuo lakini msokoto mdogo.

Kwa ujumla wanaonufaika zaidi ni wazee, wanawake, vijana na wachezaji wenye mzungusho wa polepole, hasa wanaochoka kabla ya mashimo ya mwisho. Wenye nguvu na mwendo wa ghafla ndio walio katika hatari ya kupoteza uelekeo. Hata hivyo huo ni mwelekeo tu. Daftari la mchezaji mwenyewe ndilo lenye neno la mwisho.

Kanuni na usalama

Kanuni za vifaa zinazotolewa na R&A na USGA hazimkatazi mchezaji kutumia mpini mwepesi. Zinataka mpini uwe mnyoofu na upinde kwa usawa kila upande unapogeuzwa. Urefu wa fimbo usizidi inchi 48, yaani takriban sentimita 122. Tangu Januari 2022 waandaaji wa mashindano ya kiwango cha juu wanaweza kuweka kikomo cha inchi 46. Kubadilisha sifa za fimbo katikati ya mzunguko hakuruhusiwi, hivyo majaribio yafanyike nje ya mashindano.

Anayenunua mpini uliotumika auchunguze kwa makini, hasa karibu na kiungio cha kichwa. Ufa mwembamba, rangi iliyobabuka kwa mviringo au mlio wa kukwaruza mpini unapopindwa taratibu ni dalili za kuuacha. Kaboni haipindi na kubaki imepinda kama chuma. Huvunjika ghafla, na vipande vyake vina ncha kali.

Tahadhari hiyohiyo inahusu ufundi. Karakana za Buyenzi zina mafundi hodari wa magari na vyuma, lakini kaboni haivumilii moto wa kuchomelea. Gundi inayoshika nyuzi huharibika kwa joto kali, na mpini huweza kuonekana mzima ilhali umedhoofika ndani. Kuutoa mpini kwenye kichwa kunahitaji hewa ya moto ya kiasi na kuuvuta kwa unyoofu bila kuuzungusha.

Suala hili linawagusa zaidi wabeba fimbo na vijana wanaojifunza mchezo kwa fimbo walizorithi kwa wachezaji wakubwa. Mara nyingi fimbo hizo ni ngumu au nzito kuliko miili yao, nao huzoea kuzungusha vibaya ili kufidia. Kwao mpini mwepesi uliotolewa na mchezaji aliyeshindwa kuutumia waweza kuwa wa kufaa kabisa, na jaribio la poda na daftari litaonyesha hivyo bila gharama. Kabla ya mpini uliokataliwa kutupwa au kuwekwa stoo, inafaa ujaribiwe na mikono mingine.